Nyumba na Malezi: Binti Akusanyaye Kuni Aweza Kusimamia Misitu ya Dunia

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Usemi huu aghalabu hutumika tunaponena juu ya adabu na heshima za watoto, lakini wafaa pia tunaponena juu ya kazi watakazozifanya ukubwani. Mzazi angojaye mpaka mtoto amalize shule ndipo aanze kuuliza atafanya kazi gani, huyo amechelewa. Juma hili, wasomaji wapenzi, tutazungumza juu ya kazi moja ambayo katika nyumba nyingi za West Nile haitajwi kabisa wakati wa kupanga masomo ya watoto, nayo ni kazi ya kuhifadhi mazingira, hasa ile ya kuongoza shughuli za hifadhi zinazovuka mipaka ya nchi.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la mzee mmoja wa Manibe, kandokando ya jiji la Arua. Binti yake yu mwaka wa tatu wa sekondari, anapenda sana somo la biolojia, na amewaambia wazazi wake kwamba angetaka kusomea misitu na wanyama wa porini. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, niuze mbuzi nilipe karo ili mtoto wa kike akahesabu miti? Miti hata mama yake anaijua, na hakwenda shule. Si afadhali asome uuguzi, au amwachie kaka yake nafasi?"

Swali hili si la dharau. Ni swali la mtu ambaye mbuzi wake ni wachache na watoto wake ni wengi, na kila mbuzi auzwaye leo hatakuwapo kesho penye ugonjwa au msiba. Kwa hiyo linastahili jibu lenye ushahidi, wala si nasaha tupu. Tena katika swali hilo mna neno moja la kweli kubwa kuliko mzee mwenyewe alivyodhani: "hata mama yake anaijua". Tutaanzia hapo.

Mwanamke wa kijijini anajua ni mti upi huwaka bila moshi mwingi, upi hulia cheche, upi huzimika kabla ya ugali wa enyasa kuiva. Anajua chemchemi ipi hukauka mapema na ipi hudumu. Anajua kwamba kuni ambazo zamani zilikusanywa nyuma ya nyumba sasa zafuatwa mbali. Haya yote ni elimu ya mazingira, ila haijapewa cheti. Kazi ya shule ni kuichukua elimu hiyo, kuipima, kuiandika na kuiwezesha kusikika mbele ya mawaziri na mabalozi. Kwamba jambo hilo lawezekana, tunao mfano katika nchi jirani ya Kenya.

Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Siku hizo wasichana wengi wa vijijini hawakupelekwa shule. Kaka yake aitwaye Nderitu, ambaye yeye alikuwa akisoma, ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari asiende shule kama wao. Mama hakuona sababu ya kukataa, ingawa kazi za nyumbani zilikuwa nyingi na binti ndiye msaidizi wake. Basi Wangari akaanza shule. Twaomba msomaji akae kidogo na jambo hili: uamuzi uliobadili maisha ya mtoto huyo haukufanywa katika ofisi ya serikali. Ulifanywa nyumbani, na mama asiyekuwa na elimu ya darasani, kwa kuulizwa na mtoto wa kiume aliyemtakia dada yake heri.

Mwaka 1960 Wangari alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani. Alihitimu biolojia katika jimbo la Kansas mwaka 1964, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966, na mwaka 1971 akatunukiwa udaktari wa falsafa mjini Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na Kati kuufikia. Alikuwa akifundisha elimu ya maumbile ya mifugo. Alipokuwa akizunguka vijijini kuchunguza kupe waletao ndigana kali, aliona jambo ambalo hakulitafuta: ng'ombe wamekonda, mito imekuwa myekundu kwa udongo, na vilima alivyovijua utotoni vimeachwa wazi. Wakati huohuo, katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza shida zao. Hawakusema "mazingira". Walisema hawana kuni, hawana maji safi, hawana malisho, na watoto hawali vizuri.

Jibu lake lilikuwa jepesi kutamka: tupande miti. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miti saba ilipandwa katika bustani ya Kamukunji mjini Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa shughuli iliyokuja kujulikana kama Green Belt Movement. Maofisa wa misitu walidhani kwamba kupanda miti ni kazi ya wenye vyeti. Wanawake walitumia maarifa yao ya shambani: wakakusanya mbegu wenyewe, wakaotesha katika vyungu vibovu na makopo, na kila mche ulioshika ardhini ulilipiwa fedha kidogo. Zingatia, msomaji, kwamba malipo yalikuwa kwa mche uliostawi wala si kwa mche uliochomekwa tu, maana kuchomeka mti ni kazi ya siku moja, lakini kuutunza ni kazi ya miaka. Tangu mwaka huo miti zaidi ya milioni 50 imepandwa nchini Kenya kwa njia hiyo. Mwaka 1986 mpango ulifungua milango kwa nchi nyingine za Afrika zije zijifunze. Mwaka 2004 Wangari alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, na mwaka 2006 alikuwa mlezi wa kampeni ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya kupanda miti bilioni moja ulimwenguni. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Kazi iliyoanza na kilio cha kuni ikawa kazi ya dunia nzima.

Mzee wa Manibe aweza kusema kwamba Kenya ni Kenya. Basi turudi Uganda. Gladys Kalema-Zikusoka alizaliwa Kampala mwaka 1970. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari ya Kibuli alishughulika na klabu ya wanyama pori ya shule, kisha akaenda kusomea udaktari wa mifugo mjini London. Mwaka 1996, akiwa kijana wa miaka 26, aliajiriwa kuwa daktari wa kwanza wa wanyama pori katika hifadhi za taifa za Uganda.

Mwaka huohuo gorila wa milimani katika msitu wa Bwindi walipatwa na ugonjwa. Walikuwa wakijikuna, manyoya yakipukutika, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Ugonjwa ule ulikuwa upele. Chanzo chake kilitafutwa, na dalili zikaelekea kwa wanadamu: gorila hutoka msituni kwenda kula migomba ya watu, na pale mashambani husimama sanamu za kutishia wanyama, zilizovikwa nguo kuukuu na chafu. Familia zilizozunguka msitu zilikuwa mbali na zahanati, sabuni ilikuwa adimu, na upele ulikuwa jambo la kawaida. Gorila nao ni wa karibu mno na binadamu kimaumbile, hivyo maradhi yetu huwashika upesi. Wale wengine walitibiwa wakapona.

Daktari huyo alitambua kwamba huwezi kumponya mnyama na kumwacha jirani yake akiumwa. Mwaka 2003, pamoja na wenzake, alianzisha shirika la kuunganisha afya ya watu na hifadhi ya wanyama. Wahudumu wa kujitolea wa vijijini hupita nyumba kwa nyumba wakifundisha usafi wa mikono na mavazi, matumizi ya vyoo, uzazi wa mpango, na namna ya kutoa taarifa gorila anapoonekana shambani. Mwaka 2018 gorila wa milimani waliobaki duniani walitangazwa kupita 1,000, na mwaka huohuo wakaondolewa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa na kuwekwa daraja lenye nafuu kidogo. Sifa hiyo ni ya watu wengi, lakini kazi yake imo ndani. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulimpa heshima ya Bingwa wa Dunia. Akina mama, tazameni: nguo isiyofuliwa yaweza kuua kiumbe msituni, na ndoo ya maji yenye sabuni yaweza kukiokoa. Nani asemaye kwamba mambo ya nyumbani si mambo ya sayansi?

Mfano wa tatu watoka Tanzania, nao ni kwa wale watoto wasiopenda kupasua panzi maabara. Elizabeth Maruma Mrema ni mwanasheria aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yake, na mwaka 1994 akajiunga na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2020 aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Kimataifa wa kulinda aina mbalimbali za viumbe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika wadhifa huo. Chini ya uongozi wake wa sekretarieti, mwezi Desemba 2022 mjini Montreal nchi karibu 200 zilikubaliana kulenga kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ifikapo mwaka 2030. Mwezi huohuo aliteuliwa kuwa Naibu Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Hivyo kazi ya mazingira yamhitaji daktari wa mifugo na mpanda miti, na yamhitaji pia mwanasheria, mhasibu, mwalimu, na hata mwandishi.

Sasa yafaa tuwe wakweli, maana mzazi hadanganywi. Kazi hii ina uchungu wake. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, alidhihakiwa hadharani na wakubwa. Januari 1999, alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, alipigwa na watu waliotumwa, damu ikamtoka kichwani. Katika hifadhi ya Garamba, ng'ambo ya mpaka wetu na Kongo, walinzi wameuawa na majangili. Tena hifadhi yenyewe imewahi kuwaumiza watu: Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa waliondolewa katika msitu uliokuwa makazi yao tangu zama za mababu. Kwa sababu hizo hizo kazi hii yahitaji watoto waliokulia vijijini. Aliyewahi kubeba kuni kichwani hatapitisha kwa urahisi amri ya kumnyima mama kuni bila kumwonyesha pa kuzipata.

Nasi watu wa West Nile tunayo deni maalumu, maana tumeshuhudia kwa macho yetu nini hutokea kiumbe kisipotetewa mapema. Rhino Camp, kule mtoni Nile, haikupewa jina hilo kwa mzaha. Faru weupe wa kaskazini walikuwa wengi katika nchi hiyo, hata Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuja mwaka 1910 kuwawinda kwa ajili ya jumba la makumbusho la kwao. Chifu Ajai alikuwa mtu wa kwetu aliyewalinda, na hifadhi ya Ajai hadi leo yaitwa kwa jina lake. Lakini vita na ujangili vilipozidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 faru hao walikwisha Uganda nzima. Mnamo mwezi Machi 2018 dume wa mwisho wa aina hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa nchini Kenya, wakabaki majike wawili tu duniani. Watoto wetu hulitaja jina la Rhino Camp kila siku kwa sababu ya kambi ya wakimbizi, nao hawajui maana yake.

Na kama faru walikwenda hivyo, miti nayo yafuata njia iyo hiyo. Kwa miaka mingi tumbaku ilikuwa zao la fedha la sehemu hizi, na majani yake yalikaushwa kwa moto wa kuni. Kisha vita vya Sudan Kusini vilituletea ndugu mamia ya maelfu, hasa kuanzia mwaka 2016, nao wapika kama tupikavyo sisi. Hatuwezi kuwalaumu, maana wazee wetu wenyewe walikimbilia Kongo na Sudan baada ya mwaka 1979, wakapokewa, wakakata kuni za wenyeji. Mwezi Mei 2023 agizo la Rais lilipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika mikoa ya kaskazini, West Nile ikiwamo. Amri ni njema, lakini amri haioti ardhini. Lazima wawepo watu wa hapa wanaojua kuhesabu miti, ndiyo, kuhesabu kama alivyosema mzee, ili ijulikane ngapi imebaki, ngapi yakatwa kwa mwaka, na ngapi ipandwe.

Basi, mzazi afanye nini? Napendekeza mambo matano ambayo kila nyumba yaweza kuyaanza.

Kwanza, kazi ya kuni na maji igawanywe kati ya wavulana na wasichana. Binti arudipo shuleni akaenda kutafuta kuni mpaka magharibi, hana saa ya kusoma tena, na mwisho wa mwaka twamwita mjinga. Kaka akibeba mzigo siku tatu, dada naye apata siku tatu za kusoma. Nderitu wa Ihithe alifanya zaidi ya hapo.

Pili, kila nyumba ijenge jiko la udongo la kubana moto badala ya mafiga matatu. Jiko hilo hupunguza kuni, tena hupunguza moshi, na moshi si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni, vikiwamo vya watoto wadogo wengi. Mlango wa jiko uelekezwe penye hewa, na kuni zikaushwe vizuri kabla ya kutumika.

Tatu, mtoto apewe kitalu chake. Mahali pa kivuli karibu na maji machafu ya kunawia panatosha. Aoteshe miembe, mikwaju, mikaliandra ya kuni, na miti ya asili ambayo bibi anaijua. Aandike katika daftari tarehe ya kupanda, idadi ya miche iliyoota na iliyokufa, na sababu ya kufa. Daftari hilo ndilo somo la kwanza la utafiti. Mikaratusi ipandwe mbali na chemchemi, maana hunywa maji kwa pupa.

Nne, masomo ya sayansi na hesabu yasichukuliwe kuwa ya wavulana. Mzazi asiyeweza kusaidia hesabu aweza kuuliza tu, "Leo mmejifunza nini?" Swali hilo halina karo.

Tano, ngazi ijulikane. Si kila apandaye atafika Montreal, wala si lazima. Kipo Chuo cha Misitu cha Nyabyeya, Masindi, kwa cheti na diploma. Kipo Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kilichofundisha wahifadhi wa Afrika tangu mwaka 1963. Kipo Chuo Kikuu cha Makerere kwa misitu, mazingira na udaktari wa mifugo, na hapa nyumbani Arua tunacho Chuo Kikuu cha Muni kwa masomo ya sayansi. Ofisa misitu wa wilaya, mwalimu wa biolojia, mlinzi wa hifadhi, mtaalamu wa kambi za wakimbizi, wote hao wamo katika ngazi hiyo hiyo, na wa ngazi ya juu kabisa huwahitaji wa chini.

Kwa mzee wangu wa Manibe, hesabu yenyewe ni hii. Uuguzi ni kazi njema, na kama binti angeutaka ningekuwa wa kwanza kumpongeza. Lakini mtoto asukumwaye katika kazi asiyoipenda hulipiwa karo ileile, na mara nyingi matunda yake huwa haba. Kaka yake naye hatanufaika kwa dada kuachishwa masomo, ila atapata dada wa kumlisha baadaye. Ama mbuzi, kuna mbuzi wauzwao kwa sherehe ya siku mbili na hakuna aulizaye. Mbuzi auzwaye kwa ajili ya binti apendaye kujifunza huyo hajapotea zizini.

Miti aijuayo mama, binti aende akaisome. Akirudi, wakae pamoja jikoni penye jiko lisilo na moshi, mama amfundishe majina, naye amfundishe mama hesabu. Nyumba ya namna hiyo haina haja ya kungoja wageni waje kuihifadhia nchi yake.